Mguu wa Kushoto Ulale

9 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku hatujambo kwa kiasi chetu. Paa la jikoni ulilosema litavuja, linavuja, na ndoo imepata makao ya kudumu pale chini. Yule paka uliyempa jina la Meneja amezaa, kwa hiyo ujue kwamba miaka yote hii ulikuwa ukimwita mama wa watu bwana. Mimi bado niko palepale, udobi wa hospitali, napiga pasi mashuka mpaka mvuke unanifuata nyumbani. Mama anaendelea na mapazia yake. Juzi kahamisha pedeli ya cherehani akaiweka upande wa kushoto, anasema kiti kilikuwa kimekaa vibaya. Unamjua dada yako, akiamua lake limeamuliwa.

Nilipomwambia nakuandikia alisema, "Mwache, ana kazi zake," akaendelea kukata kitambaa. Sijui mmegombana nini, wala sitauliza. Ila simu yako mwaka jana ilikuwa inaita mpaka inakata, na siku hizi haiiti kabisa. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu kama watu wa zamani.

Kilichonileta ni gari. Lile lile ulilomchagulia Mama, la otomatiki. Asubuhi linaondoka vizuri. Likishatembea kidogo mota inapayuka lakini mwendo hauongezeki, na gia ya juu haiingii. Mwishowe taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, gari linang'ang'ania gia moja mpaka nyumbani. Likipoa, limepona. Tulilipeleka kwa waliotuuzia. Wakasema dhamana imekwisha muda wake, wakaunganisha kompyuta yao, ikatoa jibu moja tu kwamba oili ya giaboksi inapata joto kupita kiasi. Ushauri wao ni kung'oa giaboksi nzima na kuweka nyingine.

Mjomba, bila gari Mama hana kazi. Nani atabeba marobota ya vitambaa na ngazi ya kupimia madirisha kwa miguu? Juzi gari lilipomkwamisha njiani alirudi akakaa kwenye ngazi za nyuma, akaniambia siku gari hili litakaposimama na yeye atakuwa amesimama. Hakuwa anatania. Niambie la kufanya.

Mpwa wako


28 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama katikati ya gereji, ndiyo maana hii yangu ina alama za vidole. Mpe Meneja hongera za uzazi, na umwombe radhi kwa niaba yangu.

Simu usihangaike nayo. Nimeitia kwenye droo na humo itakaa. Simu ni ya watu wenye haraka, na giaboksi haitaki haraka.

Mama yako bado amenuna? Najua kisa. Niliahidi kuja mwisho wa mwaka juzi nisije, na mwaka jana nikarudia kosa lile lile. Mwambie nauliza hali yake. Akikuambia "mwache", usinifiche, niandikie hivyo hivyo.

Sasa gari. Mtu akiwa na homa humkati kichwa. Hao wameona joto wakataka kung'oa, hawakuuliza joto limetoka wapi. Fanya hivi. Liendeshe mpaka lipate moto, lisimamishe mahali tambarare, mota ikiwa inanguruma. Kanyaga breki, upitishe kishikio cha gia kila mahali, taratibu, halafu urudishe kwenye maegesho. Chomoa kijiti cha oili ya giaboksi, ukifute, ukirudishe, ukichomoe tena. Tone litakalobaki ulidondoshe kwenye karatasi nyeupe. Iache ikauke, uikunje, unitumie ndani ya bahasha.

Na unieleze mlio. Uandike kama unavyousikia, hata ukiona unaandika upuuzi. Wewe ndiye utakuwa masikio yangu.

Dereva simtilii shaka. Mimi ndiye niliyemfundisha mama yako, uwanjani nyuma ya shule, na kwa otomatiki nilimpa sheria moja tu: mguu wa kulia ufanye kazi yote, mguu wa kushoto ulale. Alipokuwa anausahau, niliufunga kwenye kiti kwa kipande cha pazia lake mwenyewe. Alinitukana siku nzima, lakini hakuusahau tena.

Mjomba wako, fundi


20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Meneja amekubali radhi. Watoto wake wawili wamechukuliwa na wauguzi kazini kwangu, mmoja analala ndani ya kapu la foronya na hakuna mwenye moyo wa kumtoa.

Mama alisema "mwache". Umesema nisikufiche. Lakini baadaye aliuliza kama mwandiko wako bado unaegemea upande, na nilipomwonyesha bahasha aliishika muda mrefu kidogo.

Karatasi ni hiyo. Doa ni la kahawia, na lina harufu ambayo siipendi. Mlio ni hivi: vuuuu, inapanda, inapanda, halafu haimalizi. Kama mtu anayevuta pumzi ya kuanza kuongea na haongei. Si ingekuwa rahisi nikuwekee simu kwenye boneti usikilize mwenyewe? Wewe ulikuwa unalitambua gari kwa kikohozi chake.

Jambo la ajabu ni hili. Nilipokuwa na likizo niliendesha mimi wiki nzima, na gari halikuniletea shida hata kidogo. Fundi wa wale waliotuuzia naye alilizungusha mjini asubuhi yote, akalirudisha anacheka. Alipopanda Mama, kabla hajafika kwa mteja taa ya njano ikawaka. Mama anasema gari linamwonea kwa sababu anazeeka. Na breki zimeisha tena. Fundi alishangaa, maana tulizibadilisha juzi juzi tu.

Mama mwenyewe anachoka siku hizi. Amejikwaa kizingiti cha bafuni mara kadhaa, anakilaumu kizingiti. Mengine salama.

Mpwa wako


15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Karatasi yako niliinusa kabla sijasoma barua. Oili imeungua. Ndani ya giaboksi kuna sahani nyembamba zinazobanana ili nguvu ya mota ifike kwenye magurudumu. Zikiteleza zinasuguana, zikisuguana zinaungua, na unga wake ndio huo ulioniletea kwenye karatasi. Bado hazijafa. Zingekufa, doa lingekuwa jeusi.

Jambo la simu kwenye boneti liache. Andika. Unaandika vizuri kuliko unavyodhani.

Nadhani njia ya kupozea imeziba. Mtafute fundi mnyenyekevu, amwage oili yote, abadilishe filta, azibue mabomba yanayokwenda kwenye rejeta. Asimwage na kuondoka, akae asubiri oili ichuruzike mpaka tone la mwisho. Kwamba gari linakuwa zima mikononi mwako na mikononi mwa mama yako linaumwa, ni bahati tu ya hali ya hewa na barabara. Yeye hubeba mizigo mizito. Na breki ni habari nyingine, siku hizi zinauzwa za ovyo.

Mwambie dada yangu apunguze marobota. Na kizingiti kipakwe rangi akione.

Mjomba wako, fundi


30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Yote uliyoagiza yamefanywa. Fundi alikaa kwenye kigoda akisubiri tone la mwisho kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Oili mpya ni nyekundu, safi. Gari likatulia kwa muda, Mama akaimba jikoni, nikasema mjomba kaua.

Limerudi palepale. Sasa ni mbaya zaidi. Jana lilimwacha katikati ya makutano, watu wanampigia honi, na alipotoka nje ili asukumiwe hakusimama vizuri, alishikilia mlango. Nimeambiwa na mwenye duka la vioo, si yeye. Yeye alisema, "Lilinisumbua kidogo."

Kila mara linapomharibikia anarudi amepungua. Nimechoka kuandika vuuuu, Mjomba. Kuna nini kibaya ukinyanyua simu dakika moja ukalisikia? Au na mimi umeninunia?

Mpwa wako


17 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Sijakununia wala sijamnunia mtu. Niamini kwa hilo na usiniulize la simu tena, nakuomba.

Barua zako nimezitandaza mezani zote, nimezisoma kwa mpangilio kama ninavyofanya ninapofungua mashine. Nilikosea. Nilikuwa natafuta kosa kwenye chuma kwa sababu chuma ndicho ninachokijua, nikazisukuma breki pembeni. Gari ni zima kwako, ni zima kwa fundi, na breki zinaisha haraka. Hilo ni jambo moja, si mawili.

Fanya hivi na usimwambie mama yako. Siku anatoka, simama nyuma ya gari, nje ya geti, kama unayefagia. Tazama taa nyekundu za nyuma. Uniandikie ulichoona, hicho tu.

Mjomba wako


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Nilisimama na ufagio. Mama akawasha gari, taa za breki zikawaka, nikasema ni sawa. Akatia gia, akaondoka. Zikaendelea kuwaka. Alipita kwa kinyozi zinawaka, akapita kwenye duka la vioo zinawaka, mpaka kona ya mwisho zikiwa nyekundu tu, na gari linavuta huku linajizuia. Muuza magazeti akaniambia, "Mama yako siku hizi anaenda hivyo hivyo, sisi tumeshazoea."

Nilibaki pale na ufagio wangu.

Mpwa wako


20 Juni

Mpwa,

Marahaba. Taa ikiwaka maana yake breki imekanyagwa. Breki ikikanyagwa, giaboksi inaambiwa dereva anataka kusimama, inafungua mkono wake wa ndani, inakataa gia ya juu. Lakini wakati huo huo mafuta nayo yamekanyagwa. Mota inasukuma, magurudumu yanakatazwa, na katikati oili inachemka. Giaboksi haina ugonjwa. Inaendeshwa kwa miguu miwili.

Na mtu niliyemfundisha mimi hauamshi mguu wa kushoto kwa uzembe. Anauamsha kwa sababu wa kulia umekaa kwenye mafuta na hauwezi kunyanyuka. Pedeli ya cherehani uliiandika mwezi wa kwanza. Kizingiti mwezi wa pili. Vyote nilivisoma nikavipita kama salamu.

Mguu wa kulia wa dada yangu una nini?

Mjomba wako


11 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya. Kila wiki nilianza barua nikaichana, kwa sababu nilikuwa nimekula kiapo.

Siku barua yako ilipofika nilitoka uani na kumkuta Mama ndani ya gari, mlango wazi. Alikuwa ameshika paja lake la kulia kwa mikono miwili, analinyanyua kulitoa nje kama anavyonyanyua robota. Hakunisikia. Nilimwita, akaniangalia, akasema, "Basi umeona."

Tulienda kwa daktari, tukapelekwa kwa mwingine, tukapelekwa kwa wa tatu. Ni mishipa ya fahamu, Mjomba. Inakufa mmoja baada ya mwingine. Inaanza mguuni, inapanda mkononi, inakuja kwenye ulimi, halafu kifuani, na dawa hakuna. Daktari alikuwa mpole sana, na upole wake ndio ulionitisha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho akamuuliza mapazia ya ofisi yake alishonewa na nani, maana yamepinda.

Nyumbani aliniapisha. "Masikio asijue." Hulitumii tena jina hilo, lakini yeye hana jingine kwa ajili yako. Ananihadithia mlipokuwa wadogo ulivyokuwa ukisema gari la nani linakuja kabla halijaonekana. Nikamwambia, Mama, ndugu yako lazima ajue. Akanijibu kitu ambacho mpaka leo sikielewi: "Nilishamwambia yote. Kunyamaza ni jibu lake." Nikamuuliza alikuambia lini, akageukia ukutani.

Funguo za gari alinipa mwenyewe. Mkono wa kushoto bado unashika, wa kulia kidogo sana. Maneno yake yanakuwa mazito, mimi naelewa, wageni hawaelewi. Leo asubuhi alitaka maji nikamletea blanketi.

Nimevunja kiapo. Kama mlikosana, yamalizeni. Njoo, Mjomba. Njoo sasa.

Mpwa wako


25 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Hukuvunja kiapo, umeniokoa.

Hakuniambia. Nakuapia sikuambiwa kitu, na hatukukosana. Sasa nikuambie lililo langu, maana wewe umesema lako.

Masikio hana masikio. Kazi hii imeyala, nyundo na mota kwenye chumba cha bati maisha yangu yote. Lilianza la kulia, nikawa nageuza kichwa. Likafuata la kushoto, na tangu kabla ya kuahidi kuja mwaka juzi sisikii hata honi. Wateja hawajui. Naweka kiganja juu ya giaboksi, au nauma mpini wa bisibisi na ncha yake naigusisha kwenye chuma, mtetemo unapanda kwenye meno, ninajua pa kufungua. Wanadhani ni madoido ya fundi mzee. Ningeweza kusoma ujumbe kwenye simu, lakini kila anayeandika huishia kupiga, na kila aliyepiga alinikumbusha. Nikaona heri wadhani nina maringo.

Na dada yangu ndiye niliyemwogopa kuliko wote. Alinibeba mgongoni, alinipa jina la kitu nilichokuwa nacho, ningemwonaje akinitazama nikiwa sina? Nilikuwa mjinga. Nilikuwa mjinga, mpwa wangu, na sina neno la kulipamba hilo.

Nafunga gereji kesho. Gari lisiguswe, nakuja na sahani mpya.

Mjomba wako


4 Desemba

Mpwa wangu,

Natumaini umeanza kula. Mimi nilifika salama. Nimekuta gereji imejaa vumbi na mteja mmoja kalala ndani ya gari lake ananisubiri, sikumwamsha.

Siku zile nilizokaa nanyi nazihesabu kuwa zangu kuliko zote. Nilifurahi kuifungua giaboksi pale uani, na yeye kwenye kiti chake kivulini, blanketi magotini, anasimamia. Nilipoinua zile sahani zilizoungua nikamwonyesha, alishusha macho kama mtoto aliyevunja kikombe. Nikamwambia usijali, zimeungua kwa kazi halali. Na nilifurahi tulipolijaribu gari, mimi kwenye usukani na yeye pembeni, mkono wake juu ya kishikio cha gia na wangu juu ya wake. Kila aliponikonyeza nilijua anataka tuondoke. Alikuwa anatia gia, mimi nakanyaga. Tulizunguka uwanja wa shule mpaka wewe ukatukasirikia kwa kuchelewesha chakula.

Sikupaswa kuondoka. Nilisema naenda kufunga gereji kabisa nirudi nikae, na nilikuwa nasema kweli, lakini kifua chake hakikunisubiri. Nilirudi kuzika. Watu walisema mengi mazuri kando ya kaburi, nilijua kwa kutazama midomo, wote walikuwa wanasema na mimi nimesimama kwenye kimya changu. Nililia kwa sauti gani sijui. Unisamehe kama ilikuwa kubwa.

Kitu kimoja hukuniambia na sikukuuliza. Siku ile ya kwanza nilipopiga magoti mbele yake nikamwambia, "Dada, sisikii. Nimekuwa kiziwi, sijasikia kitu tangu mwaka juzi," alinikodolea macho, akacheka mpaka akapaliwa, akalia, akanivuta sikio kama enzi zile. Kisha akawa anajitahidi kusema kitu kwako, tena na tena. Alikuwa anasema nini?

Kwenye kifurushi hiki nimekuwekea simu yangu ya droo. Nimeiwasha. Ndani kuna ujumbe wake wa sauti, vile vimshale vidogo vya kubonyeza, vimepangana. Vilikuja mwaka jana. Nilijua ananigombeza kwa kutokuja, na sikuweza kumpa mtu wa mtaani asikilize dada yangu akinigombeza. Sasa nataka. Hata matusi nayataka. Nisikilizie, uniandikie kama alivyosema, usipunguze kitu.

Mjomba wako


10 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakula. Paa la jikoni nimelitengeneza, ndoo imestaafu. Meneja analala kwenye kiti cha cherehani na simfukuzi.

Kabla sijaandika alichosema nakujibu ulichouliza. Siku ile alikuwa ananiambia "simu". Nilidhani anataka simu yake, nikamletea, akaisukuma kwa mkono, akacheka tena. Sikuelewa mpaka juzi nilipofungua kifurushi chako. Mjomba, hakucheka kwa sababu ya masikio yako. Alicheka kwa sababu muda wote ule alikuwa anadhani ulimsikia ukanyamaza. Tangu siku ile hakugeukia ukutani tena. Ulipoondoka alikuwa kila asubuhi ananionyesha mlango kwa macho, anataka kujua umefika wapi.

Umesema nisipunguze, sijapunguza. Sitaweka salamu za mwisho wala jina langu chini, kwa sababu nataka neno la mwisho liwe lake. Nimeyaandika moja baada ya lingine.

La kwanza, mwezi wa nane, mwaka juzi:

"Masikio! Umekuwa bosi, hupokei simu? Haya, nakuachia hapa hapa. Sina jambo. Nina jambo lakini dogo. Mguu wangu wa kulia umeanza utoro. Nauambia panda, unakaa. Labda ni viatu. Nipigie."

La pili, mwezi wa tisa:

"Ni mimi tena. Si viatu. Sijamwambia binti, atanifungia ndani. Nakuambia wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha na wewe hutapiga kelele. Ukishakaa kwenye mafuta, mguu haurudi. Nifanyeje? Lile gari ndilo kazi yangu, ndilo linalonitoa nyumbani. Niambie cha kufanya na nitafanya, kama siku zile."

La tatu, mwezi wa kumi:

"Hujanijibu, basi nimejiamulia. Usinigombeze. Nimeuamsha wa kushoto. [Hapa anacheka.] Ningekuwa na kile kipande cha pazia ningekutumia ujue nimekifungua. Wa kulia unasukuma, wa kushoto unazuia, na katikati yao naenda. Gari linalalamika, nalisikia. Lakini linaenda. Nimefika kwa mteja wa ghorofani leo, nikapima madirisha yote, nikarudi. Nilitaka kumwambia mtu."

La nne, mwezi wa kumi na moja. Hapa sauti imebadilika, anatamka polepole:

"Naogopa, mdogo wangu. Ndiyo hivyo. Nimesema."

La tano lilikuja mwisho wa mwaka, siku chache kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Nimelisikiliza mara nyingi kuliko yote. Anaanza hivi:

"Sawa. Kama hutaki kunisikia mimi, sitakulazimisha, na sitamtuma mtu akusumbue. Lakini gari hujawahi kulikatalia. Mteja akikuletea hata la skrepa, unainama unalisikiliza. Basi nisikilizie gari tu, uniambie lina nini. Naweka simu hapa chini karibu na gia."

Halafu haongei. Kinasikika kishikio kikivutwa, tak, tak. Mota inapanda, vuuuu, inapanda, haimalizi. Ni mlio ule ule niliokuwa nakuandikia, nawe ulikuwa nao kwenye droo. Breki zinakwaruza chini kwa chini. Kuna honi moja ya mbali. Na juu ya vyote hivyo inasikika pumzi yake, anavuta, anashikilia, anaachia, anaendesha. Inaendelea muda mrefu. Kisha gari linasimama, mota inazimwa, chuma kinalia kikipoa, na anaichukua simu, mdomo wake uko karibu kabisa:

"Umesikia?"